UZI: Presha ya turbo na joto la ekzosi kwenye dizeli zilizoongezewa nguvu, mwisho wake wapi?

Mkonga Mzee (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila baada ya siku chache anatokea mdau humu anauliza: "1HZ yangu nimeifunga turbo, niisukume mpaka psi ngapi?" (1HZ ni injini ya dizeli ya Land Cruiser, na psi ni kipimo cha presha.) Majibu yanamiminika: saba, kumi, kumi na tano, na yupo aliyesema ishirini na gari bado inadunda. Sijaona hata mmoja aliyemuuliza mwenzake joto la ekzosi linasoma ngapi akiwa mlimani. Nafungua uzi tulijadili hilo, maana huko ndiko injini zinakofia.

Msimamo wangu ni huu: kwenye dizeli, presha ya turbo peke yake haiyeyushi pistoni. Kinachoyeyusha ni mafuta kuzidi hewa iliyopo ndani ya silinda. Mwenye geji ya presha bila geji ya joto anajua hewa imesukumwa kiasi gani, lakini moto uliowaka humo ndani haujui.

Mafundi waliokulia kwenye petroli wanachanganyikiwa hapa. Petroli ikipungukiwa mafuta inapata joto, ndiyo maana wanapenda kuongeza mafuta "ili ipoe". Dizeli ni kinyume kabisa. Dizeli inameza hewa yote inayoipata kila mzunguko, na nguvu inaamuliwa na kiasi cha mafuta pampu inachotuma. Ukiongeza mafuta hewa ikabaki ileile, joto linapanda. Ukiongeza hewa mafuta yakabaki yaleyale, joto linashuka. Kihesabu kilo 1 ya dizeli inataka kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Lakini ndani ya silinda mafuta hayapati muda wa kuchanganyika vizuri hivyo, kwa hiyo ukishuka chini ya kilo 18 hivi za hewa kwa kilo moja ya mafuta, bomba linaanza kutoa moshi mweusi. Vijana wanaupigia picha huo moshi wakiamini ni nguvu. Ni mafuta mliyolipia sheli yakaenda kuota pembezoni mwa barabara.

Sasa namba. Aluminiamu halisi inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi ya pistoni, kwa kuwa imechanganywa na silikoni, huanza kulainika chini ya 600. Mtu akisikia hivyo anauliza, mbona basi geji inasoma 700 na pistoni ipo? Kwa sababu gesi ya moto inaigusa pistoni kwa sehemu tu ya mzunguko, halafu inakuja hewa mpya, na muda wote pistoni inatoa joto kupitia ringi kwenda ukutani mwa silinda na kupitia oili inayorushwa chini yake. Pistoni inaishi kwa tofauti kati ya joto linaloingia na linalotoka. Ndiyo maana muda una uzito kuliko namba yenyewe. 750 kwa sekunde chache ukipita lori si sawa na 750 kwa dakika kumi ukipanda mlima Kitonga na tela.

Kwa 1HZ yenye turbo mimi nashikilia 650 kabla ya turbo kwa mwendo wa kudumu, na 700 kwa muda mfupi. Presha psi 7 hadi 10 bila intakula (kipozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo), 12 kama intakula ipo na hedi inajulikana ni nzima. Kwa 1HD-T, ile ya Land Cruiser iliyotoka kiwandani na turbo, na ndugu zake ningeruhusu joto la kudumu lisogee mpaka 700. Kwa nini tofauti? Injini zote mbili ni za silinda sita na lita 4.2, lakini 1HZ haikuzaliwa na turbo. Mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1 na mafuta yanaungua kwanza kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi. 1HD-T ina 18.6 kwa 1 na mafuta yanapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Injini ambayo tayari inagandamiza kwa 22 ukiiongezea presha, kilele cha presha ndani ya silinda kinapaa haraka, na ile chemba ndogo inakusanya joto kwenye hedi. Nyufa za hedi ya 1HZ kati ya valvu na chemba si habari mpya kwa fundi yeyote wa gereji za Gerezani, Dar.

Na sensa ya joto iwekwe kabla ya turbo, kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote). Wanaoiweka baada ya turbo wanasema ni salama, ikikatika haitaingia kwenye mabawa ya turbo. Ni kweli, ila turbo inakula joto ili izunguke, na kadiri unavyoibana ndivyo inavyokula zaidi. Tofauti inaweza kuwa nyuzi 100 ukiwa tambarare na kuvuka 200 ukiwa mlimani, kwa hiyo huwezi kusema "naongeza 150 nipate ya ukweli". Haikai palepale. Ung'oe manifoldi utoboe juu ya meza, usitoboe ikiwa kwenye gari ukaombea chembe za chuma zisiende kwenye turbo.

Naomba michango.


Dereva wa Tunduma

Shikamoo mzee wangu. Somo limeeleweka ila umeongelea magari madogo. Sisi wa semi hali ni nyingine. Pikapu inapiga nguvu yote sekunde nane, imeshapita. Mimi nikiwa na tani 56 zile za kisheria, ekseli saba, Kitonga nakanyaga mpaka mwisho kuanzia chini hadi juu, hakuna kupumzika. Sasa wamekuja vijana na laptopu hapo Mbalizi, wanakuambia horsepawa 420 wanaifanya 480 kwa nusu saa, na tajiri anafurahi kwa sababu gari inawahi. Nataka kujua kama ni usalama, maana ikinoki mlimani mimi ndiye nalala porini, si tajiri.


Mkonga Mzee

Marahaba. Swali zuri sana hilo.

Kiwandani injini moja inaweza kuuzwa kwa nguvu tofauti, hilo hao vijana hawakudanganyi. Wanachokiacha ni kwamba mara nyingi ile yenye nguvu kubwa ina turbo nyingine, nozeli nyingine, wakati mwingine pistoni nyingine na kipozaji kikubwa zaidi. Laptopu haibadilishi pistoni. Inaongeza mafuta, inaongeza presha ya turbo kwa kadiri turbo iliyopo inavyoweza, basi.

Kuna kitu kingine cha kuwauliza: mafuta wameyawahisha kiasi gani? Mafuta yakipigwa mapema zaidi, yanaungua zaidi pistoni ikiwa juu kabisa, na joto la ekzosi linashuka. Fundi mjanja anaweza kukuonyesha geji inasoma chini na ukamwamini. Lakini presha ya ndani ya silinda imepanda, na hiyo haina geji. Inajitangaza kwa gasketi ya hedi. Kwa hiyo joto dogo si cheti kama mtu amechezea muda wa kupiga mafuta.

Kwa semi ya mzigo wa kudumu ningekaa chini kuliko pikapu, si juu. Kama tajiri ameshaamua, mwambie afunge geji kabla ya turbo na mkubaliane namba ambayo ukiiona unashuka gia bila kuulizwa kwa nini umechelewa.


Binti Gereji

Naomba niongezee hapo kwenye kushuka gia, kwa sababu madereva wengi wanafanya kinyume. Wanabaki kwenye gia kubwa, resi imelala, mguu umezama, wanaamini wanabana mafuta. Resi ikiwa chini turbo haipati gesi ya kutosha kuizungusha, hewa ni kidogo na kila piga la mafuta ni kubwa. Hapo ndipo joto linapaa. Legeza mguu, shuka gia moja, acha injini izunguke. Hewa inapita nyingi zaidi, kila silinda inapewa mafuta kidogo kwa kila piga, na maji na oili vinazunguka haraka zaidi. Utaona sindano inarudi nyuzi 80 au 100 kwa muda mfupi tu, na mwendo wa gari ni uleule.

Jingine ni mwinuko. Westigeti ya springi (valvu inayozuia presha ya turbo isizidi) inajua tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje tu. Tuseme imewekwa bar 0.7, yaani kama psi 10. Dar hewa ya nje ni kama bar 1.01, kwa hiyo injini inapata 1.71 kwa jumla. Mbeya, mita kama 1,700 juu, hewa ya nje ni 0.82 hivi, jumla inakuwa 1.52. Geji yako inasoma 0.7 ileile, huna wasiwasi, kumbe hewa imepungua kwa asilimia 11. Pampu ya zamani ya skrubu haijui kama umepanda, inatuma mafuta yaleyale. Gari iliyotuniwa Dar ikiwa kwenye kilo 20 za hewa kwa kilo ya mafuta, inafika Mbeya iko kwenye 18 na inafuka. Ubaridi wa kule unarudisha kidogo, hauzibi pengo lote. Ndiyo maana mteja wa nyanda za juu nikimaliza kumfungia turbo namwambia twende tukaijaribu kwenye mlima wa kwao, si Morogoro Road.


Kamau wa Diesel

Salamu kutoka Nakuru. Mimi nina pikapu ya lita 3, kompyuta imefanyiwa rimapu (imetuniwa upya), turbo ni ile ya mabawa yanayojigeuza. Nikivuta trela ya ng'ombe kupanda Timboroa geji inafika 780 kabla ya turbo, na inakaa hapo. Aliyetuni anasema ni kawaida, eti Wamarekani wanaenda 1,500 na injini zao hazina shida. Presha yangu ni psi 24. Mnasemaje?


Mkonga Mzee

Kamau ndugu yangu, huyo amekulisha Farenhaiti. 1,500 yao ni kama 815 za Selsiasi, na wenyewe hawakai hapo. Wenye pikapu za Cummins wanaovuta mizigo wengi hushikilia 1,250 mpaka 1,300 kwa mwendo wa kudumu, yaani 677 mpaka 704. Ile 1,500 ni ya sekunde chache za mashindano. Geji nyingi za mtandaoni zinakuja zimeandikwa kwa Farenhaiti, kwa hiyo kabla hujabishana na mtu muulize kwanza anasoma kipimo gani.

780 ya kudumu siyo kawaida. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700, hewa ya nje ni kama bar 0.73. Kompyuta yako inajaribu kukupa presha iliyoagizwa, kwa hiyo turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa kuliko ingekuwa Mombasa kupata psi hizohizo. Ikishavuka eneo lake la kazi haipulizi hewa tena, inapuliza joto. Chukua hesabu hii: hewa ya nyuzi 30, kwenye usawa wa bahari, ikisukumwa psi 10 na turbo inayofanya kazi vizuri inatoka na kama nyuzi 100. Psi 20 inatoka na 150. Turbo ndogo iliyozidiwa inapita hapo. Hewa ya moto imetanuka, geji ya presha inafurahi lakini kilo za hewa zilizoingia hazijaongezeka kiasi unachodhani. Hapo ndipo intakula inapolipa. Kuishusha hewa kutoka 100 mpaka 55 tu kunakupa zaidi ya asilimia 10 ya hewa kwa presha ileile, na joto la ekzosi linashuka nayo.

Kwa hiyo mrudie aliyetuni, apunguze mafuta kwenye mzigo mkubwa mpaka Timboroa isome chini ya 700. Usikubali akuongezee presha kama dawa.


Dizeli Haidanganyi

Mkuu naona mnaogopesha watu. Kuna video kibao za injini ya Cummins ya lita 5.9 inapigwa psi 50 na inaendeshwa kila siku. Kwa nini Land Cruiser iambiwe 10? Chuma ni chuma.


Binti Gereji

Kaka, chuma si chuma. Hiyo 5.9 ya valvu 12 ina mgandamizo wa 17.5 kwa 1, mafuta yanapigwa moja kwa moja, na hao wa psi 50 wameshabadilisha boliti za hedi wakaweka stadi (za kubana zaidi), na wengi wana turbo mbili zinazolishana. Turbo moja iliyokuja nayo, HX35, ikipita psi 35 hivi wenyewe wanakuambia imebaki kupasha hewa tu. Sasa wewe unalinganisha na 1HZ yenye boliti zake za kiwandani, mgandamizo 22.4, na turbo ya mtumba ambayo hata mwenye duka hajui ilitoka kwenye injini gani.

Halafu kwenye hizo video huoni presha ya nyuma. Turbo ikiwa ndogo, ili isukume psi 20 mbele, gesi inajibana nyuma kwenye manifoldi labda psi 40. Silinda haiwezi kutoa moshi wake vizuri, unabaki ndani unachanganyika na hewa mpya. Ukipima ukaona nyuma na mbele zinakaribiana uko pazuri. Ikifika mara mbili, hiyo turbo si ya hiyo injini, haijalishi bei uliyonunulia.


Mpenda Mlima

Samahani wakuu, mimi si fundi. Nina Hardtop ya 1HZ, nimefunga turbo, geji ya joto ninayo, haijawahi kuvuka 620. Presha psi 9. Juzi pistoni moja imetoboka, ya nne. Nyingine tano ziko safi. Fundi aliyefunga anasema oili mbaya. Geji imenidanganya au?


Mkonga Mzee

Pole sana. Geji haikudanganya, ila imekupa wastani. Kama sensa iko pale moshi wa silinda zote unapokutana, silinda moja ikiwa na 850 na tano zina 580, utaona 620 na kitu na utaendelea na safari. Naomba uitoe nozeli ya nne uipeleke kwa mtu wa kupima pampu na nozeli. Nina hakika kubwa utakuta inachuruzika badala ya kupiga ukungu, au inafunguka kwa presha ya chini kuliko wenzake. Mafuta yanayochuruzika yanawaka juu ya pistoni kama tochi ya kuchomelea.

Bila turbo nozeli mbovu inakupa moshi na mlio wa ajabu wakati wa asubuhi, unavumilia miaka. Ukiongeza turbo na mafuta, haikusubiri. Ndiyo maana kwangu nozeli zote sita zinapimwa kabla turbo haijagusa gari, pamoja na kompresheni ya kila silinda. Mteja akikataa gharama hiyo namrudishia funguo. Oili mbaya ingekuonyesha vyuma vya krenki na shingo ya turbo kwanza, si pistoni moja peke yake.


Dereva wa Tunduma

Kuna hili la kuacha gari inguruke kabla ya kuzima. Wengine wanasema dakika tano, wengine wanasema ni ushamba wa zamani.


Binti Gereji

Dakika hazina maana, tazama joto. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili. Ukifika juu ya Kitonga ukazima palepale, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuganda kuwa masizi magumu, na njia ya oili inaziba taratibu. Ukiwa umetembea tambarare kilomita chache kwa mguu mwepesi kabla ya kusimama, turbo imeshapoa yenyewe, huhitaji hata dakika mbili. Ukisimama ghafla, acha isailensi mpaka sensa ya kabla ya turbo ishuke chini ya 200. Kwa kawaida haichukui muda.

Kwa wenye magari mapya ya kichujio cha masizi, msishtuke mkiona sensa ya baada ya turbo inapanda mpaka 600 mkiwa tambarare. Gari inachoma masizi ya kichujio, na moto huo uko nyuma ya turbo. Ya kuangalia bado ni ile ya mbele.


Kamau wa Diesel

Nimerudi. Jamaa amepunguza mafuta, sasa Timboroa ni 690 kwa gia ya tatu. Lakini nimeona kitu kingine: presha imeshuka kutoka 24 mpaka 19, na wakati wa kupanda kuna mlio wa filimbi mbele kulia.


Mkonga Mzee

Filimbi ni hewa inavuja. Angalia hozi kati ya turbo na intakula, na kati ya intakula na injini, hasa chini ya klipu pale pasipoonekana. Ukiwa sailensi hutaisikia kwa sababu hakuna presha, kwa hiyo ziba upande mmoja, weka hewa ya kompresa psi 10 hivi, pakaa maji ya sabuni, povu litakuonyesha. Usikubali mtu aongeze mafuta wala akurudishe kwenye 24 kabla ya kuziba uvujaji huo. Na kagua kichujio cha hewa, vumbi la murram linaibana turbo upande wa kuvuta na matokeo ni yaleyale: joto juu, presha chini.


Mpenda Mlima

Nozeli ya nne ilikuwa inachuruzika kweli, na ya pili nayo iko njiani. Asante mzee. Swali la mwisho: geji yenyewe nitajuaje ni sahihi? Nimenunua ya bei ya chini.


Binti Gereji

Nyingi hutumia termokapo (sensa ya joto ya waya mbili) aina ya K, na hiyo unaweza kuikagua jikoni. Chovya ncha kwenye maji yanayochemka. Ukiwa Dar isome karibu na 100. Ukiwa Mbeya usishangae kuona 94, maji huko yanachemka mapema kwa sababu ya mwinuko, geji haina kosa. Ikikosea kwa nyuzi tano ni sawa. Ikikosea kwa 30, angalia kwanza kama waya mbili hazijageuzwa, maana zina chanya na hasi, na kama mtu hakuunganisha kwa waya wa kawaida wa redio. Waya wa kurefushia lazima uwe wa aina hiyohiyo ya K. Na ncha ifike katikati ya njia ya moshi, isijifiche kwenye unene wa manifoldi, la sivyo utakuwa unapima chuma.